Makopo ya maziwa ya watoto yamejaa stoo, nimeamua kuyageuza mishumaa. Wajuzi njooni

#1 mama_pacha

Wakuu, salaam. Msinicheke.

Nina pacha wa miezi kumi na moja. Maziwa yangu hayakuwatosha, kwa hiyo nyumba hii inakula maziwa ya kopo tangu mwaka jana. Makopo nilianza kwa kuyawekea mchele, kisha maharage, kisha vifungo na sindano, kisha matumizi yakaniishia. Wiki iliyopita nimeyahesabu: 43. Yule kijana wa skrepa anayepita na mkokoteni alinyanyua moja kwa vidole viwili, akalirudisha chini, akaniambia, "Mama, hii ni karatasi."

Basi nikaona picha za mishumaa ndani ya makopo, ile ya mtindo wa kishamba: kopo limechubuka, lina kutu kidogo, limefungwa kamba ya mkonge kiunoni. Kuna harusi nilikwenda walikuwa wameipanga kila meza, inapendeza kuliko yale maua ya plastiki. Nikasema hii naiweza.

Nilichofanya: nilinunua mishumaa myeupe ya dukani, nikaivunjavunja, nikaiyeyusha, nikaimimina kwenye kopo la gramu 900 na utambi mmoja katikati. Matokeo yake ni kisima. Baada ya saa tatu katikati kuna shimo la upana wa kikombe cha kahawa, nta imesimama pembeni kama ukuta wa boma, halafu moto ukazama kwenye nta iliyoyeyuka ukajizima wenyewe.

Kopo la pili nikaweka tambi tatu. Hilo liliwaka vizuri, hata baba watoto akasifu. Ila nilikuwa nimeliweka juu ya meza ya mninga ya mama mkwe. Asubuhi kuna duara jeusi. Mama mkwe ameliona, hajasema kitu, na huko kunyamaza ndiko kunakonitisha.

Nimekosea wapi? Na ile meza?

#2 Kijana_wa_Mabibo

Tambi tatu? Nimeingia mbio nikidhani uzi wa mapishi.

#3 shangazi_Tandika

Mwanangu, ya meza mwachie Mungu. Ya mishumaa ngoja waje wanaojua, na mimi nimekaa hapa nasubiri.

#4 FundiBati

Mama pacha, hongera ya watoto na pole ya meza.

Mimi ni fundi bati, nimegonga vibatari Gerezani tangu enzi ambazo kila nyumba ilikuwa na vitatu: cha sebuleni, cha jikoni, cha kwendea chooni. Makopo kama yako ndiyo yalikuwa malighafi yetu, kwa hiyo nikiona watu wanashangaa kuwa kopo linaweza kutoa mwanga huwa natabasamu tu.

Kosa lako liko kwenye upana. Kibatari kinakunywa mafuta ya taa kutoka chini, moto uko juu, mafuta yanapanda yenyewe. Nta haipandi mpaka iyeyuke, na moto wa utambi mmoja unayeyusha duara lake tu, hauendi mbali zaidi. Utambi uliotoa kwenye mshumaa wa dukani ulisukwa kwa ajili ya mshumaa mwembamba wa sentimita mbili. Umejitahidi ukafika nne au tano, basi, nguvu zimekwisha. Kopo lako la gramu 900 lina karibu sentimita 13 kutoka ukingo hadi ukingo. Hapo ungechimba kisima hata kwa mwezi.

Kwa hiyo usianze na kuchagua nta, anza na rula. Kopo dogo la nyanya ya kusaga, lile la gramu 70, lina upana wa sentimita tano hivi: utambi mmoja, kazi imekwisha. Kopo la nyanya la gramu 400 lina saba na kitu: utambi mmoja mnene, uliosukwa kwa nyuzi nyingi za pamba. Kopo lako la maziwa ni tambi tatu kwa pembe tatu, kila moja ikae katikati ya eneo lake, zisibanane katikati wala zisisogee ukutani.

Sasa ukiweka tatu umeweka mioto mitatu ndani ya chungu cha bati. Bati linapitisha joto vizuri sana. Nta ikishuka chini, moto unakaribia kitako, kitako kinachoma meza. Kopo lisikae juu ya mbao, plastiki wala kitambaa. Weka kigae. Na nta ikibaki kama sentimita moja, zima, mshumaa umekwisha hata kama roho inauma. Hiyo iliyobaki utaiyeyusha tena.

#5 mama_pacha

Fundi Mungu akubariki. Utambi unasimamaje wima? Wangu ulikuwa unalala kama mlevi.

#6 FundiBati

Chukua kifuniko cha kopo lolote, kata kisahani cha ukubwa wa sarafu kwa mkasi wa bati. Toboa katikati kwa msumari mdogo kutoka chini, lile tundu litoe midomo juu. Chovya utambi kwenye nta ya moto kwanza, unyooshe, uache ukauke uwe mgumu kama mshikaki. Upitishe tunduni, bana ile midomo kwa koleo. Dondosha nta kidogo chini ya kopo, bandika kisahani. Juu, lalisha vijiti viwili vya mishikaki kwenye mdomo wa kopo, utambi ubanwe katikati yake. Hautalala.

Kabla ya yote jaza kopo maji, liweke juu ya gazeti lilale usiku. Gazeti likilowa asubuhi, mshono unavuja, hilo lipandie vitunguu. Likipona, likaushe kabisa juani. Tone la maji likibaki ndani, nta ya moto inaruka.

Na yale makopo mliyofungua kwa kisu, yana meno. Yakunje kwa ndani kwa koleo pande zote. Kidole cha mtoto hakijui kama hilo ni pambo.

#7 Mpemba_halisi

Assalaam alaykum. Nami nitie langu, maana yalonifika sitaki yamfike mwengine.

Nilitia nta koponi, ikiwa bado laini nikapanga karafuu juu yake duara zuri, kama nakshi za mlango. Karafuu zetu wenyewe, zimeanikwa mkekani nyumbani. Nikawasha baada ya magharibi. Harufu, subhanallah, jirani kaja kuuliza mnachoma nini. Baada ya kama saa moja karafuu ya kwanza ikashika moto. Kisha ya pili. Kisha kopo zima juu ni ndimi za moto. Karafuu kavu ina mafuta ndani, ikishalowa nta ni utambi kama utambi mwengine, nami nilikuwa nimetia tambi thalathini bila kujua.

Mdogo wangu kwa kiherehere akamwaga kikombe cha maji. Sikuwahi kuona kitu kile. Moto ulipanda mpaka kwenye dari kwa mlio, nta ikaruka ukutani, alhamdulillahi haikumpata mtu usoni. Doa lipo mpaka leo.

#8 FundiBati

#7 pole sana, na ahsante kwa kuleta hili. Naomba kila anayesoma uzi huu alirudie mara mbili. Maji ni mazito kuliko nta, yakimwagwa yanazama chini ya nta iliyo moto kuliko maji yanayochemka, yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke unarusha nta inayowaka juu. Ni yale yale ya kumwaga maji kwenye mafuta ya kukaangia yaliyoshika moto. Dawa ni kufunika. Kifuniko cha sufuria, kikavu, kinachoziba mdomo wote. Moto ukikosa hewa unakufa.

Ndiyo maana kwa mishumaa napenda makopo ya kahawa na kakao, yale yenye kifuniko cha bati cha kubandua kwa kijiko. Kifuniko kiko palepale. Makopo ya maziwa mengi siku hizi yana vifuniko vya plastiki, hivyo havifai kitu kwenye moto.

#9 nyuki_wa_Sikonge

Mnaongelea nta ya dukani tu, watu wa Tabora tuseme nini?

Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, haitoi moshi mweusi ukiiwekea utambi sahihi, na harufu unayo bure. Huku kwetu kuna wanaokamua asali wakatupa masega! Chukua masega yaliyokamuliwa, funga kwenye kipande cha kitambaa kizito, weka kwenye sufuria yenye maji, weka jiwe juu yasielee, chemsha taratibu. Nta inapita kwenye kitambaa inapanda juu, uchafu unabaki. Acha ipoe usiku mzima. Asubuhi unatoa mkate wa nta wa njano, chini yake kuna matope unakwangua kwa kisu. Rudia mara mbili.

Tahadhari moja: msitumie sufuria ya chuma wala ya shaba, nta inageuka rangi ya tope. Na hapa nina ugomvi na huo mtindo wenu wa kutu. Kutu ya nje sawa, ni pambo. Ndani kopo liwe linang'aa, la sivyo nta yangu nzuri mmeiharibu.

Nta ya nyuki pia ni nzito kupanda kwenye utambi. Utambi uliotosha nta ya dukani, kwa ya nyuki hautoshi, ongeza unene. Na peke yake inapasuka juu ikipoa haraka. Weka mafuta ya nazi kidogo, kijiko kimoja au viwili kwa kikombe cha nta.

#10 Bi_Harusi_Mapambo

Kwa mafuta ya nazi muwe na kiasi. Yanaganda kwenye nyuzi 24. Nani hapa Dar ana nyuzi 24 mchana? Ukizidisha, mshumaa unatoka jasho.

Mimi napamba kumbi, na nina kisa cha soya. Soya ni nta laini, inayeyuka chini ya nta nyingine, karibu nyuzi 50. Kwenye picha za wazungu wote wanaisifu, nami nikaagiza. Makopo 60 ya nyanya, nimeyachubua kwa msasa, nimefunga vipande vya gunia, nimeshona ushanga. Februari. Nikayapanga kwenye buti la gari saa nne asubuhi, nikapita kuchukua vitambaa, nikapita saluni, nikafika ukumbini saa nane. Nikafungua buti: supu. Tambi zote zimelala upande mmoja kama jamaa wanaoswali, gunia limelowa, zulia la buti mpaka leo linanukia vanila.

Tangu siku hiyo nachanganya nta ya dukani na ya nyuki, na nasafirisha usiku.

#11 Kijana_wa_Mabibo

"Kama jamaa wanaoswali" 😂😂 dada utaniua.

#12 Njoro_Kamukunji

Habari zenu kutoka Nairobi. Huku Kamukunji mafundi wa jua kali wanagonga mabati kutwa nzima, nikapata wazo la kutoboa kopo matundu ya maua ndio mwanga utoke ubavuni. Nikatoboa vizuri kabisa, kisha nikamimina nta. Ikatoka kwa kila tundu. Meza, viatu, paka.

#13 FundiBati

Njoro bwana. Kopo la matundu ni taa, si mshumaa. Ndani yake unaweka mshumaa mdogo uliokaa kwenye kopo lake, la nyanya ndogo kwa mfano, chini unatia mchanga usipinduke. Hivyo vinapendeza kuliko vyote, kwa sababu mwanga unachora ukutani.

Najua swali linalofuata: kopo linabonyea ukigonga msumari. Lijaze maji, liweke kwenye friza mpaka yagande, kisha gonga. Barafu inashikilia bati kwa ndani. Lakini usijaze mpaka juu. Maji yakiganda yanavimba karibu asilimia 9, yanasukuma kitako kinakuwa tumbo, kopo halisimami tena. Acha vidole vitatu. Lalisha kopo juu ya taulo lililokunjwa, chora maua kwenye karatasi, bandika, fuata mistari na msumari. Ukichelewa barafu ikaanza kuyeyuka, rudisha friza, usilazimishe.

#14 mjukuu_wa_Minnesota

Nawasoma kutoka baridini. Huku Minnesota kwenye gari wakati wa theluji tunashauriwa kuwa na kopo tupu la kahawa, mishumaa na kibiriti. Gari likikwama kwenye dhoruba, unawasha mshumaa ndani ya kopo unapata joto kidogo, unafungua dirisha kiasi ili hewa iingie, na kopo hilohilo unayeyushia theluji maji ya kunywa. Mwaka wa kwanza niliona kichekesho, nimetoka nchi ya kibatari nije nifundishwe kopo. Mwaka wa pili nikakwama.

Kuna na jiko la maskauti: kopo fupi la samaki aina ya jodari, unakata boksi la karatasi vipande vya upana sawa na kina cha kopo, unavizungusha kama mkeka mpaka kopo lijae, unamimina nta. Boksi lote ni utambi. Linawaka kwa nguvu, linachemsha chai. La nje tu hilo, msithubutu ndani.

#15 Mzee_Kilonzo

Samahani kwa kuharibu sherehe. Umeme upo, taa za sola zimejaa kila duka, na nyinyi mnarudi kwenye moto wazi na watoto wachanga ndani. Tuliozaliwa kwenye koroboi tunajua nyumba ngapi za makuti zilikwenda.

#16 mama_pacha

Mzee wangu, shikamoo. Umesema kweli na sibishi. Kwangu haiwaki mpaka wamelala, inakaa juu ya kabati la vyombo, na mimi sitoki chumba hicho. Wakiamka nafunika. Siyo ya kusomea, ni ya kukaa nusu saa nikajisikia mtu.

#17 Mzee_Kilonzo

Marahaba mwanangu. Hapo nimekuelewa.

#18 nyota_ya_Kigamboni

Hiyo kutu mnaipataje? Langu nimeliacha nje wiki linang'aa tu.

#19 Bi_Harusi_Mapambo

Kopo la chakula limepakwa bati juu ya chuma, ile ngozi ndiyo inazuia kutu. Ichane kwa msasa mkali nje, kwa kupotosha, usifuate mstari. Paka siki, nyunyiza chumvi, weka kivulini, nyunyizia tena jioni. Siku mbili tatu limeiva. Wewe wa Kigamboni ukishachana hata chumvi usinunue, upepo wa bahari utakufanyia bure. Kisha lioshe, likauke, lipashe joto juani, sugua nje kwa kipande cha nta na kitambaa. Kutu haitachafua kitambaa cha meza.

Kamba ya mkonge na gunia vikae nusu ya chini ya kopo. Nimeona watu wanafunga fundo kubwa juu kabisa karibu na moto. Mkonge mkavu huo!

#20 mwanafunzi_Sua

Makopo ya rangi je? Na ya soda? Na rangi mnatia nini, nimejaribu rangi ya keki imegoma.

#21 FundiBati

Ya rangi, hapana, mabaki yake yakipata joto yananuka na si harufu ya kuvuta. Ya dawa ya mbu na marashi ya kupuliza, usikate kabisa, hata likiwa tupu. La soda ni jepesi, paka akipita linapinduka.

Rangi ya keki ina maji, haichanganyiki na nta. Kalamu za nta za watoto zinachanganyika lakini zinaziba utambi, moto unadumaa. Kama huna rangi ya mishumaa yenyewe, acha nta na rangi yake.

#22 Mpemba_halisi

Kwa harufu tumieni mafuta, msitie majani wala mbegu. Mafuta ya mchaichai, ya karafuu, au ya mlangilangi ukiyapata. Tieni nta ikishatoka jikoni imeanza kupoa kidogo, si ikiwa inatokota. Kiasi kama gramu tano kwa mia ya nta. Ukizidisha yanaelea juu.

Na chandarua kibaki palepale, mchaichai haulindi mtu na malaria.

#23 mama_pacha

Nimerudi na majibu, wiki mbili baadaye.

Nimepima nta kwa maji kama alivyonifundisha FundiBati inboksi: nimejaza kopo la nyanya maji mpaka kidole kimoja chini ya mdomo, nikayamimina kwenye kikombe cha kupimia, mililita 340. Nta ni nyepesi kuliko maji, kila mililita 100 inahitaji gramu 90 hivi, kwa hiyo gramu 306. Safari hii sikubakiza nta kwenye sufuria wala kupungukiwa. Nimeyeyusha sufuria ndani ya sufuria ya maji, moto mdogo, sikuondoka hata mtoto alipolia (baba yake yupo).

Makopo niliyaanika juani kwanza ili yawe na uvuguvugu. Yale mawili niliyoyasahau kivulini, nta imeachana na ukuta, ina mawingu mawingu. Ilipoanza kuganda katikati palizama shimo kuzunguka utambi, nikachoma kwa mshikaki, nikamimina mara ya pili. Juu pamekuwa tambarare kama kioo.

Nimewasha la kwanza nikaliacha mpaka nta ikayeyuka ukingo hadi ukingo, kama saa tatu, ndipo nikazima. Kila nikiwasha nakata utambi ubaki nusu sentimita. Halichimbi kisima tena, wala halitoi masizi.

Makopo ya maziwa nimebakiza manane ya tambi tatu, yaliyobaki nayatoboa kwa barafu ya Fundi. Friza imejaa makopo, samaki wamehamia kwa jirani.

#24 shangazi_Tandika

Na meza?

#25 mama_pacha

Nilimpelekea kopo la mlangilangi, lenye kutu, lenye kamba. Amelizungusha, akauliza "hili si la maziwa ya kina Kulwa?" Kisha amelikalisha juu ya lile duara jeusi, limeenea sawasawa. Chini ameweka kigae. Kigae alikuwa nacho tayari kwenye mkoba.